Msimu wa Maembe na Daftari la Kliniki: Je, Kununua kwa Msimu Bado Kuna Maana?

Anayeingia leo katika soko la Buguruni au la Mabibo jijini Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba misimu imekwisha kufutwa. Nyanya zipo Machi na zipo Septemba. Vitunguu havikosekani. Matufaha mekundu kutoka Afrika Kusini yamepangwa mwaka mzima, yamefutwa vumbi mpaka yanang'aa, na mikungu ya ndizi hushushwa kila alfajiri, iwe kunanyesha au kumekauka. Barabara za lami, malori, vyumba vya baridi na kilimo cha umwagiliaji vimeichukua kazi ambayo wazee wetu waliiachia mvua. Mgonjwa anayeshauriwa kliniki ale matunda na mboga za msimu ana haki ya kuuliza: msimu gani, daktari, ilhali kila kitu kipo?

Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ndani, si bwana shamba wala mfanyabiashara. Ninachokijua ni kile kinachofika mbele yangu baada ya chakula kuliwa. Kwa upande huo naweza kusema kwamba misimu ingali inasomeka wazi katika majibu ya maabara, hata pale ambapo haionekani tena sokoni. Kwa baadhi ya wagonjwa wetu kusomeka huko ni suala la uhai.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Kwanza tuiweke kando dhana moja inayosikika sana, kwamba tunda linaloliwa nje ya msimu wake ni sumu au "lina dawa". Tufaha lililochumwa Afrika Kusini mwezi Machi linaweza kuliwa Dar es Salaam mwezi Desemba kwa sababu lilihifadhiwa katika chumba cha baridi ambamo oksijeni imepunguzwa, likapumua polepole na kuchelewa kuzeeka. Hakuna sumu hapo. Njegere zilizogandishwa saa chache baada ya kuvunwa huweza kubaki na vitamini C nyingi kuliko njegere mbichi zilizozunguka sokoni kwa siku nne katika joto la pwani. Baridi na umbali peke yake havimdhuru mlaji.

Kinachompunja ni imani kwamba kilichosafiri mbali na kuuzwa ghali ndicho chenye afya zaidi. Kando ya vitanda vya wodi zetu utaona mifuko yenye matufaha manne au matano, zawadi ya ndugu aliyejibana ili amletee mgonjwa tunda linalostahili hospitali. Gramu 100 za tufaha hilo zina vitamini C isiyofika miligramu 5. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, na za chungwa zina kama miligramu 50. (Nasema tufaha kwa maana ya lile la Afrika Kusini, watu wa Unguja na mwambao wanalo tofaa lao, jekundu na lenye majimaji mengi, ambalo ni tunda jingine kabisa na lina msimu wake.)

Tofauti hiyo haiishii kwenye karatasi. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde na mchicha hufyonzwa kwa shida utumboni, na vitamini C iliyoliwa katika mlo uleule huyasaidia kufyonzwa. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anayekula wali kwa maharage na chungwa moja la Muheza, katikati ya mwaka yanapopatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, amepata msaada ambao tufaha haliwezi kumpa. Akishushia mlo huo kwa kikombe cha chai ya rangi, sehemu ya msaada huo hupotea, kwa maana chai huzuia chuma kufyonzwa.

Vitamini nazo hazivumilii misimu kwa namna moja. Vitamini A, ambayo mwili huitengeneza kutokana na rangi ya manjano ya embe bivu, huwekwa akiba kwenye ini kwa miezi kadhaa. Mtoto aliyekula maembe ya kutosha mwezi Desemba bado ananufaika nayo Machi. Vitamini C haina ghala la namna hiyo. Mtu akiikosa kabisa, dalili za kiseyeye huanza kujitokeza ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo vyanzo vyake havina budi kupokezana mwaka mzima: maembe yakiondoka, mapera, mananasi na machungwa yashike zamu, na penye upungufu wa yote hayo kuna unga wa ubuyu, ambao hukaa muda mrefu bila kuharibika. Ubuyu ninaousema ni ule mweupe wa kukorogea uji au juisi. Ule mwekundu wa mafungu, uliopakwa sukari na rangi, ni peremende.

Bei pia ni jambo la tiba, ingawa hatulifundishi hivyo vyuoni. Familia yenye fedha ile ile ya matumizi inaweza kununua embe moja mwezi Agosti au fungu zima mwezi Desemba, na kwa mtoto aliyetoka kuugua surua au kuhara, fungu ndilo lenye maana. Isitoshe, maembe ya kwanza kabisa, yanayofika wiki kadhaa kabla ya wenzake, ndiyo yanayouzwa kwa bei ya juu, na bei hiyo humshawishi mchuuzi ayachume machanga na kuyalazimisha yaive. Wazee walivundika ndizi shimoni kwa majani na moshi; moshi huo una ethilini, gesi ile ile ambayo tunda lenyewe huitoa linapoiva. Siku hizi wapo wanaotumia kalsiamu kabaidi, inayojulikana kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, ambayo ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini. Kabaidi ya viwandani huweza kubeba mabaki ya aseniki na fosforasi. Tunda lililoiva kwa njia hiyo mara nyingi huwa na rangi ya kupendeza nje, nyama ngumu ndani, na harufu haba. Kuliosha na kulimenya hupunguza hatari. Kusubiri wiki tatu mpaka msimu ushike huondoa sababu ya mtu kulitumia.

Mboga za masika na dawa ya kuzuia damu kuganda

Sasa niingie katika jambo lililonifanya niandike. Nchini mwetu vijana wengi, na hasa wanawake wa umri wa kuzaa, huishi na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya yabisi baridi waliyoipata utotoni. Waliobahatika hufanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya chuma, nao hupaswa kumeza warfarini maisha yao yote, ili damu isigande juu ya chuma hicho. Dawa mpya zisizohitaji kupimwa mara kwa mara haziwafai: jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za chuma, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, lilisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata mabonge ya damu na kutokwa damu zaidi kuliko waliopewa warfarini. Hivyo warfarini ndiyo tegemeo, na warfarini hugombana na mboga.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Ini hutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya vigandishi vya damu. Warfarini huizuia vitamini K isitumike tena baada ya kutumika mara moja, na hivyo vigandishi hupungua. Mgonjwa akiongeza vitamini K katika chakula, nguvu ya dawa hupungua. Akiipunguza, nguvu ya dawa huzidi. Kipimo cha INR ndicho hutuonyesha mizani imekaa wapi. Kwa mtu asiyetumia dawa ni takriban 1. Wenye vali za chuma wengi huhitaji kati ya 2 na 3, na wale ambao vali yao iko upande wa mitrali kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini ya hapo, bonge la damu laweza kuikwamisha vali au kuruka hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Ikipanda mno, damu huvuja: puani, kwenye fizi, kwenye choo, au ndani ya fuvu.

Na vitamini K iko wapi? Iko katika majani ya kijani. Gramu 100 za mchicha zina vitamini K inayozidi mahitaji ya siku ya mtu mzima mara kadhaa. Kabichi inayo kiasi kidogo zaidi, nyanya na vitunguu karibu hawana kitu.

Tuchukue mfano wa mama mkulima mwenye vali ya chuma, anayeishi kijijini, mbali na hospitali inayompima. Kuanzia Januari chakula chake ni ugali kwa dagaa au maharage, na mboga za majani ni za kununua, hivyo huonja mara moja kwa wiki. INR yake ni 2.8 na kila mtu ameridhika. Masika yanaingia. Majani ya maboga yanachipua nyuma ya nyumba, kunde zinatoa majani, mchicha pori umejaa njiani, na vyote ni vya bure. Anakula mboga za majani mchana na usiku, kama tunavyomhimiza kila mtu afanye. Akirudi kliniki mwezi Mei, INR ni 1.6. Swali la kwanza analoulizwa ni kama anameza dawa. Anajibu kwamba anameza. Haaminiki, anakaripiwa kidogo, na dozi inaongezwa. Kisha mvua zinakatika, majani yanakauka, naye anarudi kwenye dagaa na maharage huku akiwa na dozi ya masika. Mwezi Agosti fizi zinatoka damu asubuhi anapopiga mswaki, na INR imepita 5.

Hakuna aliyekosea kwa makusudi katika mkondo huo. Mgonjwa alimeza dawa, muuguzi alifuata mwongozo, daktari alisahihisha dozi kwa namba iliyo mbele yake. Kilichokosekana ni swali moja kuhusu kile kilichokuwa chunguni.

Ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba mwenye kutumia warfarini aache mboga za majani, naona haufai. Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba watu wanaokula vitamini K kidogo sana ndio ambao INR yao huyumba zaidi, kwa kuwa hata sahani moja ya kisamvu harusini inatosha kuipindua. La maana ni ulinganifu. Kiasi kile kile cha mboga kila siku, tuseme upawa mmoja, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Hapa basi msimu unapaswa kufugwa: majani yanapokuwa mengi, ale upawa wake mmoja na kukausha mengine kivulini, kama Wasukuma wafanyavyo nsansa na Wagogo mlenda, ili kiangazi kisimkute mikono mitupu. Kukausha hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, lakini vitamini K huvumilia zaidi, hasa majani yakikingwa na jua.

Mjini mambo hugeuka. Mchicha wa Dar es Salaam hulimwa mabondeni kwa kumwagilia, na masika makubwa yakifurika bustani hizo, bei ya fungu hupanda au mchicha hukosekana kabisa. Kwa hiyo mvua ile ile inayomwongezea vitamini K mama wa kijijini humpunguzia dada yake aliyeko Vingunguti. Daktari anayekariri kwamba "masika ni wakati wa mboga" atapotea kwa mmoja wao.

Maembe, madafu na figo

Kwa wenye kisukari, miezi ya Novemba hadi Januari ni mtihani. Embe si adui. Lina nyuzinyuzi, na kipande chake kilicholiwa pamoja na mlo hakipandishi sukari kwa kasi kama soda. Lakini dodo kubwa lenye nyama ya gramu 300 lina sukari inayofika gramu 40 au kuzidi, yaani zaidi kidogo ya iliyomo katika chupa ya soda ya mililita 350, na nani katika msimu wake hula moja? Yakisagwa matatu kuwa juisi, hata nyuzinyuzi zilizokuwa zikisaidia huvunjwavunjwa. Nusu ya embe la wastani, likiliwa na si kunywewa, badala ya sehemu ya wali na si juu ya wali, ni kipimo ambacho wagonjwa wengi wanaweza kukiishi. Kumkataza kabisa mtu anayekaa chini ya mwembe ni kumfundisha kutudanganya.

Msimu wa kinyume chake hutajwa kidogo, nao unaua haraka zaidi. Miezi ya kulima na kupalilia ndiyo ambayo ghala limekauka na jembe ni zito. Mgonjwa anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi kwa dozi ya wakati wa shibe, huku akila mlo mmoja na kulima tangu alfajiri, yuko hatarini kushukiwa na sukari shambani. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa: wenzake watadhani ni jua au mashetani. Mhudumu wa kliniki ya wilaya anayejua kwamba kwake njaa huanza mwezi fulani anaweza kupitia dozi hizo kabla ya mwezi huo kufika.

Kwa wenye ugonjwa wa figo uliokomaa, jambo la kuhofia ni potasiamu. Figo nzima huitoa. Figo iliyochoka huiacha ijikusanye katika damu mpaka moyo upige ovyo au usimame. Embe lina potasiamu ya wastani, kama miligramu 170 kwa gramu 100, chungwa halipishani nalo sana, ndizi mbivu inayo mara mbili yake. Hatari iko katika wingi wa msimu. Maji ya dafu moja yanaweza kuwa na miligramu 700 hadi 1,000, na mgonjwa aliyeambiwa asizidishe miligramu 2,000 kwa siku hatambui kwamba madafu mawili ya barabarani wakati wa joto la Februari yamekwisha kumaliza hesabu yake. Tahadhari hiyo inawahusu zaidi walio kwenye usafishaji wa damu, na wale ambao figo zao zimedhoofu huku wakitumia losartani, enalapili au spironolaktoni. Haimhusu mtu mwenye shinikizo la damu ambaye figo zake ni nzima. Yeye potasiamu ya matunda humfaa.

Matunda mawili yanahitaji kutajwa kwa jina. La kwanza ni mbilimbi, inayotiwa kwenye mchuzi na achari mwambao wote. Kwa kiasi hicho haina neno, lakini ina asidi ya oksaliki nyingi mno, na madaktari wa Kerala nchini India walieleza mwaka 2013 juu ya wagonjwa ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi yake kama dawa. La pili ni lile tunda lenye umbo la nyota, ndugu yake mbilimbi. Mwenye figo zilizofeli asilile kabisa. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa bila taabu, ila kwa mgonjwa huyo huleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa na degedege.

Ghala

Kununua mahindi mara baada ya mavuno ni busara ya zamani, nayo ingali sahihi kwa mfuko, ila kwa sharti moja. Mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka vizuri, unyevu ukiwa juu ya asilimia 13 au 14, huota ukungu unaotoa sumukuvu. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kuchambua punje zilizovunda na kukoboa huipunguza. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anapaswa kuwa mwangalifu kuliko wote, kwani virusi na sumukuvu vikikutana, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Yanunuliwe mahindi makavu, ya msimu huu, na yakae juu ya chaga katika mifuko isiyopitisha hewa.

Dagaa wana kalenda yao ndani ya mwezi. Wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa huadimika. Wakati wa mvua hukaushwa kwa taabu, mara nyingi mchangani, na hufika sokoni wakiwa wamenyauka na kunuka. Kwa mlezi wa mtoto mwenye utapiamlo, kununua wa kutosha wiki mbili katika siku za jua na giza ni bora kuliko kununua kila siku chochote kilichopo.

Kwa watoa huduma wenzangu

Vipeperushi vingi vya lishe tunavyogawa kliniki havina mwezi. Vimeorodhesha matunda na mboga kana kwamba vyote viko mezani wakati mmoja, na vingine hutaja vyakula ambavyo mgonjwa wetu atavikuta katika duka kubwa la mjini tu, kama akivikuta. Kituo cha afya hakihitaji fedha za wafadhili kurekebisha jambo hilo. Muuguzi mzawa wa kata anaweza kukaa na mama mmoja muuza sokoni kwa saa moja na kuandika ni mwezi gani kitu gani hushuka bei, kipi huadimika, na njaa huanza lini. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na mizani. Mfungo wa Ramadhani uongezwe kila mwaka kwa tarehe yake, maana huo husogea nyuma kwa siku 10 au 11 na hubeba bei na saa za kula.

Daftari la mgonjwa lina nafasi ya uzito, shinikizo, sukari na, kwa wachache, INR. Chini ya tarehe pabaki mstari mmoja wa maneno: "maembe yameanza", "anakula majani ya maboga kila siku", "mboga hakuna, mafuriko". Kwa wenye warfarini, mstari huo ukibadilika, kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili bila kusubiri miezi mitatu. Mwakani, mhudumu mwingine akilifungua daftari hilo na kukuta namba imeshuka mwezi Aprili kama ilivyoshuka Aprili iliyopita, atakuwa na la kumuuliza mama huyo kabla ya kugusa dozi.